Gari Lilipokelewa na Nani?

Usaili wangu wa kwanza baada ya kufukuzwa kazi uliharibika kwa swali la kalenda. Ilikuwa Februari 2022, Lindi mjini, katika ofisi ya mnunuzi mmoja wa mazao. Walikaa watu watatu mbele yangu, na wa katikati alikuwa mama mhasibu, mpole wa sauti. Akaniuliza kwa nini niliacha kazi ya ghala kule Mtwara. Nikamjibu neno nililokuwa nalirudia kimoyomoyo njia nzima ndani ya basi, tangu Mikindani hadi Mingoyo: "Mkataba wangu uliisha."

"Uliisha lini?"

"Desemba."

Akaiweka kalamu mezani. "Desemba magari yanapanga foleni getini. Nani huku Kusini anamaliza mkataba wa karani wa ghala la korosho mwezi wa Desemba?"

Nilikaa kimya. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na hadi mwaka unapogeuka watu wa maghala hawalali. Mama yule hakuhitaji kumpigia mtu yeyote simu kunijua. Uongo wangu ulikuwa na tarehe, na tarehe ndiyo iliyonisaliti. Aliniaga kwa heshima. Nikarudi stendi.

Ninaandika haya kwa sababu kila msimu ukiisha nakutana na vijana waliotolewa kazini, kwenye maghala, maduka ya jumla, hata maofisini, na wote swali lao ni moja: nikienda kwenye usaili niseme nini? Wengi wanataka niwape sentensi ya kufichia. Sina. Niliyo nayo ni jinsi nilivyoanguka mara mbili, na jinsi mara ya tatu nilivyosema.

Nianze na kosa lenyewe, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Nilikuwa karani wa mapokezi katika ghala kuu moja Mtwara mjini. Wakulima wanapeleka korosho kwenye chama chao cha msingi, AMCOS, zinapimwa na kupangwa madaraja, zinatiwa kwenye magunia ya juti, kisha gari linazileta ghala kuu. Pale kazi ya karani ni kupima upya, kuhesabu, kuchoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha, ili kutoa sampuli ya unyevu na ubora, halafu kusaini mapokezi. Saini ile ndiyo inayozaa stakabadhi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, hapa hapa Mtwara, na uti wa mgongo wake ni huo: karatasi ikisema kuna magunia 300, basi mwenye ghala anadaiwa magunia 300. Mnunuzi aliyeshinda mnada analipa kwa karatasi, hajaona gunia hata moja. Zikipungua, mwenye ghala anatoa mfukoni mwake.

Usiku wa Jumanne mmoja, Desemba 2021, gari la magunia 300 liliingia saa tano. Tulipima kama mia hivi, manyunyu yakaanza. Korosho ikilowa imeharibika, kila mtu anajua. Vibarua wakapiga kelele, dereva akapiga kelele, turubai lilikuwa moja. Nikasema shusheni yote, tupange juu ya chaga, tutapima kesho. Dereva akataka karatasi yake aondoke. Nikanakili namba iliyokuwa kwenye hati ya chama, nikasaini.

Kesho yake yakaja magari mengine manne. Alhamisi ndiyo nilipata nafasi ya kuhesabu lile fungu. Magunia 286. Nikahesabu tena. 286.

Kumi na nne pungufu. Gunia la korosho ni kama kilo 80, kwa hiyo ni zaidi ya tani moja. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, hapo umepoteza zaidi ya milioni 2 kwa saini moja.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia labda yamechanganyika na fungu la jirani, labda chama walikosea, nitayapata. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Jumamosi bosi mwenyewe alihesabu kabla ya kuruhusu mzigo wa mnada utoke.

Nilipewa barua ya kujieleza, nikapewa siku za kujiandaa, nikaitwa kwenye kikao cha nidhamu na mwenzangu mmoja wa kazini kando yangu. Nikaachishwa kazi. Nyumbani nilimwambia mke wangu nimepewa mapumziko. Akajua ukweli sokoni, kwa mke wa kibarua.

Baada ya aibu ya Lindi nilijiapiza kwamba usaili mwingine nitasema kila kitu. Ukaja Aprili, mwezi wa Ramadhani, kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara. Nikasema kweli kila kitu. Nilisema mvua, dereva, turubai moja, vibarua wachache, bosi bahili asiyeajiri karani wa pili, chama ambacho huenda ndicho kilichoiba. Nilizungumza kama dakika kumi. Nilikuwa nimefunga, mdomo umekauka, na sikuweza kujizuia. Mwenye duka alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tutakupigia. Sura yake niliielewa: mtu huyu kesho atakaa mbele ya mwingine anisimulie mimi hivi.

Jioni ile nilifuturu kwa jirani yetu wa Shangani, mama mmoja mstaafu aliyekuwa afisa utumishi kwa miaka mingi. Mke wangu alikuwa amemdokeza. Tulipomaliza uji na mihogo akawatuma watoto nje, akaniambia, "Mwanangu, hebu nieleze kilichotokea. Mimi nitakuwa mwajiri."

Nikaanza: "Shikamoo mama. Kuna gari lilipokelewa bila kupimwa lote..."

Akanikatiza. "Lilipokelewa na nani?"

"Na... ghala."

"Ghala lina mikono?"

Nikanyamaza.

"Anza tena."

"Magunia yalikuja kuonekana yamepungua..."

"Yalionekana na nani?"

Ilituchukua karibu saa nzima. Kila nilipotumia kitenzi kisicho na mtu, alinirudisha. Lilipokelewa, ilisainiwa, yalipungua, ikagundulika. Kiswahili chetu kina ukarimu huo, unaweza kusimulia kosa lako lote bila wewe kuwemo ndani. Sikuwa nimeliona hilo kabla. Nilidhani kule dukani nimesema ukweli, kumbe nilikuwa nimesimulia ajali ambayo mimi nilikuwa mpita njia. Mwajiri anasikia hilo haraka kuliko anavyosikia uongo, kwa sababu ndivyo wafanyakazi wake wanavyomsimulia kila siku: kikombe kimevunjika, fedha zimepungua, funguo zimepotea.

Mpaka taarabu ya jirani ikanyamaza nilikuwa nimefika hapa: "Nilipokea gari la magunia 300. Nilipima kama mia, mvua ikaanza, nikasaini yote. Yalipungua 14." Maneno yenyewe machache. Kuyatamka nilitoka jasho.

Kisha akaniuliza, "Barua yako ya kuachishwa imeandikwa sababu gani?"

Sikujua. Nilikuwa nimeisoma mara moja tu ofisini, macho yakiwa yamejaa, nikaikunja nikaitia chini ya godoro. Akaniagiza niilete pale pale. Akaisoma kwa sauti: uzembe kazini, na kuchelewa kutoa taarifa ya upungufu. Akaishusha.

"Hapa pameandikwa wizi?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unatembea mjini kama mwizi?"

Mtaani waliniita mwizi, ni kweli. Korosho ikipungua Kusini, neno linalokuja kwanza ni hilo, na nilikuwa nimeanza kulivaa. Niliogopa usaili kwa sababu ndani yangu nilikuwa najitetea dhidi ya shtaka ambalo hakuna aliyeliandika. Kwa hiyo ninachowaambia vijana kabla ya yote ni wakaitafute ile barua waisome neno kwa neno. Na wayajue maneno. Kusimamishwa kazi ni kuwekwa pembeni wakati uchunguzi unaendelea, bado wewe ni mwajiriwa. Kupunguzwa ni kazi yenyewe kukosekana, hukukosa wewe. Mkataba kuisha ni tarehe kufika. Kuachishwa kwa utovu wa nidhamu, au kwa uzembe, au kwa kushindwa kazi, kila moja lina uzito wake. Watu wanachukua jepesi kufunika zito, wanasema "nilipunguzwa" ilhali wenzao wote bado wapo kazini, halafu wanashangaa wanapoulizwa walipunguzwa wangapi.

Mama yule aliniuliza pia kama nilitendewa haki. Akanieleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki, na kwamba kanuni za 2007 zinataka mfanyakazi apewe muda wa kutosha, si chini ya saa 48, kujiandaa kwa kikao cha nidhamu. Anayeona ameonewa anapeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Nilijipima kwa kweli. Nilipewa barua, muda, mtu wa kunisindikiza, nikasikilizwa. Sikuwa na shauri. Lakini kama wewe unalo, usikae ukilia nyumbani mpaka siku 30 zipite, nenda. Na ukiulizwa kwenye usaili, sema shauri lipo Tume na linasikilizwa huko, kisha funga mdomo. Meza ya usaili si mahali pa kuliendesha.

Jambo la mwisho aliloniagiza ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. "Hati yako ya utumishi iko wapi?" Sikuichukua. Akasema sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe unapoondoka, hata kama amekufukuza. "Kaichukue. Na ukiwa pale muulize bosi wako atasema nini akipigiwa simu."

Nilingoja mpaka Idi ipite. Kutoka nyumbani hadi pale ghalani ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na siku ile nilitumia karibu saa mbili. Nilizunguka eneo la Bima, nikaenda hadi ufukweni nikasimama nikitazama mitumbwi, nikarudi. Mlinzi getini ni mzee wa Kimakonde tuliyekuwa tukila naye ming'oko zamu za usiku. Aliponiona aliinuka kwenye kiti chake akaniambia, "Mjukuu wangu, pita." Hakuuliza nimefuata nini. Sitamsahau.

Bosi alikuwa peke yake. Nikaomba hati. Akafungua kabati, kumbe ilikuwa tayari tangu Desemba, imepigwa muhuri, inangoja mwenyewe. Imeandikwa nilianza lini, nimeishia lini, na kazi niliyokuwa nikifanya. Miezi mitano nilikuwa naiogopa karatasi isiyo na neno baya hata moja.

Nikamuuliza. "Mzee, nikienda kuomba kazi wakakupigia, utawaambia nini?"

Alikaa muda. Feni ilikuwa inazunguka. Akasema, "Nitawaambia kilichotokea. Lakini nikueleze na wewe, maana kwenye kikao hukuniuliza. Yale magunia kumi na nne ningekusamehe. Mvua niliiona hata mimi. Zile siku mbili ndizo zilizonishinda. Ungeniambia Alhamisi, gari lile lilikuwa bado liko Mtwara linangoja mzigo wa kurudi. Ningelifuata."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi la mlinzi nikashindwa kuondoka.

Miezi yote ile nilikuwa nimeamini kosa langu ni saini. Hata kwa jirani yangu, tulivyochambua vitenzi vyote vile, hadithi yangu ilikuwa inaishia kwenye saini na hesabu. Alhamisi na Ijumaa hazikuwemo. Barua ilikuwa imesema "kuchelewa kutoa taarifa" na macho yangu yakaruka. Na ukitazama, Lindi nilifanya jambo lile lile: nilijua hesabu imepungua, nikakaa kimya nikitumaini hakuna atakayehesabu.

Usaili wa tatu ulikuwa mwisho wa Mei, Lindi tena, ghala lingine. Msimu wa ufuta ulikuwa unakaribia, na Lindi ufuta ni mkubwa kama korosho ilivyo Mtwara. Kwa miezi ile nilikuwa namshikia shangazi yangu daftari kwenye duka lake la nafaka sokoni, na nilikuwa nimejiwekea sharti: siandiki namba mpaka mshale wa mzani utulie, na siandiki namba niliyoambiwa, naandika niliyoiona. Mchele na kunde tu, kilo kumi, kilo hamsini. Lakini daftari lilikuwepo, na nililibeba.

Mama mstaafu alikuwa ameniambia nisisubiri kuchimbwa, nisiseme pia kabla ya kuulizwa, kwamba swali litakuja lenyewe. Likaja swali la tatu au la nne. Aliyeuliza alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe.

"Kwa nini uliondoka kule?"

Nikasema: "Niliachishwa kazi. Nilipokea gari la magunia 300 usiku, nikapima kama mia, mvua ikaanza, nikasaini yote. Alhamisi nilihesabu nikakuta 286. Nilinyamaza siku mbili. Jumamosi bosi alihesabu mwenyewe. Walinisikiliza kwa haki wakaniachisha. Tangu hapo namshikia shangazi daftari la duka, siandiki ambacho sijakiona. Hati ya utumishi hii hapa, na namba ya bosi wangu wa zamani ipo, mnaweza kumpigia hata sasa."

Nikaacha hapo. Kuacha ndiko kulikonishinda kuliko kusema. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuongeza: mvua ile ilikuwa kubwa, turubai moja, mzee wangu unajua hali ya magari ya Desemba. Nilishika magoti yangu chini ya meza. Mule ndani palikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko usaili wote.

Mzee hakugusa habari ya magunia. Aliuliza, "Siku mbili ulikuwa unangoja nini?"

Swali hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Nikamjibu lililokuwa kweli: "Nilikuwa nangoja yarudi yenyewe."

Akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu. Mwanamke kijana aliyekaa pembeni yake akaniuliza gari likija usiku wa manane mvua inanyesha, na mwenyekiti wa chama anapiga simu anataka karatasi, nitafanyaje. Nikamwambia mzigo utashushwa usilowe, ila utawekwa peke yake, haujachanganywa, na dereva atapewa karatasi ya magunia yaliyopimwa tu. Yaliyobaki atangoja asubuhi. "Akikataa?" Nikasema atamlalamikia msimamizi, na msimamizi atakuwa ameshapata simu yangu kabla ya yake.

Wakampigia bosi wangu wa zamani siku mbili baadaye. Nilijua kwa sababu alinipigia yeye mwenyewe jioni, akasema, "Wameniuliza. Nikawaambia. Wakasema mwenyewe ameshatueleza hivyo hivyo, hata zile siku mbili." Akakata simu.

Nataka niseme ilivyokuwa, maana sipendi kumdanganya kijana yeyote: kazi ile ya karani sikuipata. Alipewa mwingine ambaye hajawahi kufukuzwa, na sioni kosa kwao. Mimi nilipewa kazi ya kuhesabu magunia getini, mkataba wa msimu mmoja, mshahara mdogo kuliko wa zamani, na sharti kwamba sisaini hati yoyote. Nilikubali. Nilipanga chumba Mtanda, kila Ijumaa jioni nikirudi Mtwara kama zamu iliruhusu.

Wiki za mwisho za Julai gari moja la ufuta liliingia saa sita kasoro usiku. Nikahesabu, mwenzangu akapima. Tulipomaliza nilikuwa na gunia moja pungufu. Nikahesabu tena. Moja. Dereva akaniambia, kaka, gunia moja tu, asubuhi mtaliona, watu wamechoka.

Nikampigia msimamizi. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.